Mshale Mgumu Huenda Kushoto

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimewasha jiko kabla ya chai. Fimbo za mkole zimefika jana kwa treni, zimefungwa ndani ya gunia. Binamu yangu kazileta. Anasema huenda zikawa za mwisho. Kijiji chetu kimehamishwa, watu wote sasa wako kando ya barabara kuu, na vichaka vya mkole vimebaki kule kwenye mahame. Ukienda kukata fimbo, unalala njiani.

Nimezipasha moto moja moja na kuzinyoosha. Ntandu kakaa kizingitini na kikombe chake, ananitazama. Majirani hawajazoea. Mume ndiye mpiga upinde, mke ndiye fundi wa mishale. Kwetu Singida nako walishangaa. Baba yangu alizaa wasichana watupu, na kazi aliipenda. Angemfundisha nani?

Nimechelewa kazini. Fundi mkuu kanionyesha tu rundo la sare za shule. Nimeshona mpaka jioni na mikono inanuka moshi.


Jumapili, 9 Juni

Nimechagua fimbo leo. Kazi ninayoipenda kuliko zote.

Baba hakusema kamwe "mshale mzuri". Alisema mshale wa fulani. Mshale ukiachiwa hujipinda kama samaki, unaupita upinde ubavuni, kisha unanyooka. Fimbo ikiwa ngumu kuliko nguvu ya mvutaji, haijipindi inavyotakiwa, mshale unakwenda kushoto. Ikiwa laini mno, unakwenda kulia. Macho ya mpigaji yawe makali vipi, hayasaidii.

Upinde wa Ntandu ni wa baba. Ncha zake zimekunjwa kwenda mbele, mzito, wanaume wengi pale kiwandani anakofanya kazi wamejaribu kuuvuta wakaishia kucheka. Unataka fimbo ngumu. Nalaza fimbo juu ya matofali mawili, naning'iniza kopo la mchanga katikati, natazama inabonyea kiasi gani. Ya Ntandu hubonyea unene wa kidole kidogo. Nimekuwa nikimchagulia hivyo tangu tulipooana. Siulizi tena.

Nimepata kumi na mbili safi. Zinatosha kwa onyesho lake la Sabasaba, na ngoma ya kiwanda.


Jumapili, 16 Juni

Jangwani, kwenye uwanda ule ng'ambo ya mto. Mazoezi.

Zote kushoto. Si kidogo. Kibuyu cha shabaha kiko juu ya mti uliochomekwa ardhini, mshale unapita hatua nzima pembeni na kuzama kwenye majani. Ntandu alirudia na kurudia. Mwisho akanigeukia: "Umeniletea vyuma, si fimbo."

Nimekasirika. Nilizipima mwenyewe. Tumerudi nyumbani, tumepita kando ya mabati yanapojengwa soko jipya, vumbi la saruji mpaka mdomoni. Yeye mbele, mimi nyuma.

Labda nilizikausha mno motoni.


Alhamisi, 20 Juni

Nimezikwangua kwa kipande cha chupa. Kidogo kidogo, katikati tu. Sasa zinabonyea zaidi. Ntandu amezijaribu baada ya kazi na zimekwenda sawa. Ameomba radhi kwa namna yake: kaninunulia machungwa Kariakoo, kayamenya mwenyewe. Alikuwa mzito kuyamenya. Nikamwambia kisu butu.


Jumapili, 23 Juni

Kushoto tena.

Zilezile zilizokwenda sawa Alhamisi.

Nimekagua kila kitu. Ugwe wa upinde haujalegea. Manyoya yamekaa vizuri. Upinde nimeutundika kwenye msumari wa dari, nikaning'iniza ndoo ya maji kwenye ugwe, ndoo ikashuka palepale inaposhuka siku zote. Upinde haujachoka.

Nimekwangua tena. Sipendi. Mwisho nitakuwa na vijiti vya kuchokolea meno.


Alhamisi, 27 Juni

Foleni ya unga wa njano kwenye duka la ushirika, tangu alfajiri. Nilisimama na Tatu. Yeye ni mcheza ngoma wa kikundi chao cha kiwanda, ndiye anayeushika ule mti wenye kibuyu. Mzee Kibwana, kiongozi wa ngoma, aliona watu wanapenda hivyo. Mti ukichomekwa ardhini ni shabaha tu. Ukishikwa na msichana anayecheza, watu wanashika vifua. Tatu huunyoosha mkono, kwa Ntandu mti unakuwa kushoto na Tatu kulia, na Ntandu hupasua kibuyu pale juu, vipande vinawamwagikia wacheza ngoma. Hajakosa hata siku moja.

Nilimtazama Tatu akinisimulia habari za kitenge kipya watakachovaa Sabasaba. Shingo yake nyembamba. Nikaanza kuona baridi, na jua lilikuwa kali.

Jioni Ntandu kaniomba nimtolee vifungo kwenye mashati yake, niweke shingo ya kuvalia kichwani. Anasema vifungo vya siku hizi vibaya.

Mimi ni fundi nguo. Vifungo vya siku hizi ni vilevile.


Jumapili, 30 Juni

Leo sikutazama mishale. Nimemtazama yeye.

Zamani ncha ya mshale ilirudi mpaka ikagusa ngumi ya mkono ulioshika upinde. Leo imebaki mbele, urefu wa kiganja kizima. Anafikiri anavuta mpaka sikioni. Anaishia kidevuni. Na mkono unatetemeka, si wa uchovu, nyama yenyewe inachezacheza chini ya ngozi kama kuna mdudu anatembea ndani.

Ndiyo maana. Fimbo hazijawa ngumu. Mvutaji amepungua nguvu, na kila anapopungua, fimbo ileile inakuwa ngumu kwake. Nimekuwa nikikwangua fimbo kumfuata yeye anavyoshuka.

Nilikusanya mishale kwenye majani, nikachukua muda mrefu kuliko ulivyohitajika.


Jumanne, 2 Julai

Nimemwambia.

Alikuwa anaosha miguu uani. Nikasema, "Ntandu, si fimbo. Ni mkono." Hakugeuka. Akaendelea kuosha mguu uleule.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ibaki hivyohivyo."

Nikamwambia habari za hospitali. Akasema baada ya Sabasaba. Nikamwambia habari za Tatu. Akajimwagia maji mengine mguuni. Nikasema niende kwa Mzee Kibwana nimwombe mti uchomekwe ardhini mwaka huu, nitatunga sababu yoyote.

"Ukienda kwa Kibwana ananitoa kwenye ngoma," akasema. "Wakinitoa narudi kwenye marobota ya pamba. Robota silinyanyui tena, Mariamu. Nilijaribu mwezi wa tano, wenzangu walipokwenda kula. Nililisukuma kwa goti."

Kumbe alijua kabla yangu. Akanilaumu kwa vyuma na huku anajua.

Nilitaka kumpiga. Nikamletea taulo.


Alhamisi, 4 Julai

Nimetengeneza mishale laini. Nimeikwangua mpaka inabonyea vidole viwili kwenye kopo. Baba angeitupa motoni. Hii ni ya mtoto anayechunga mbuzi.

Lakini nina hofu nyingine. Ngoma ikipigwa, damu inapanda. Ntandu akisikia ngoma za Kibwana na watu wanashangilia, anaweza kuvuta kama zamani, mara moja tu, kwa hasira. Mshale laini ukivutwa kwa nguvu kwenye upinde ule unakwenda kulia. Au unapasuka mkononi.

Kulia yupo Tatu.

Na nikimpa migumu, inakwenda kushoto, atakosa mbele ya wageni wote. Basi, marobota. Basi, nje ya kazi. Mshahara wangu wa cherehani hautulishi wawili na dawa.

Nimekaa na fimbo mapajani mpaka chakula kikaungua. Hatukujaliwa mtoto, na leo nimeshukuru. Sijapata kushukuru kwa hilo hata siku moja.


Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda kwa Tatu mwenyewe. Sikumweleza yote. Nilimwambia shemeji yake hajisikii vizuri, mwaka huu asiushike mti, aseme tumbo linamuuma.

Alicheka. "Dada Mariamu, shemeji hata akiwa na homa anapiga. Mimi nasimama pale nimefumba macho, hujaona? Nafumba macho kabisa."

Sikuwahi kuona.

Nilirudi kwa miguu kutoka Ilala. Nilikuwa nasema peke yangu njiani, mama mmoja muuza maandazi akaniuliza kama nimefiwa.


Jumamosi, 6 Julai

Jangwani mara ya mwisho, asubuhi. Mishale laini. Kibuyu cha kwanza kimepasuka. Cha pili, kimepasuka. Ntandu kafurahi kama kijana, kanipiga bega kwa upinde. Nami nimefurahi. Niandike ukweli: nimefurahi sana, nikamsahau Tatu kwa muda.

Nimeweka aina zote mbili kwenye podo la mishale. Laini nimeifunga uzi mwekundu chini ya manyoya. Migumu, ile ya mwaka jana ambayo sikuikwangua, uzi mweusi. Hiyo ni ya akiba tu, endapo atajisikia nguvu zimerudi. Nimemwambia, "Nyekundu ni za mkono wa sasa." Akasema sawa.

Nimemnyolea ndevu. Nimemshonea joho la kuvalia kichwani.


Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Naandika jioni.

Uwanja ulijaa mpaka watu wamepanda juu ya magari. Wageni kwenye viti, chini ya turubai. Ngoma za Kibwana zilikuwa nzuri kuliko siku zote, hilo ndilo lililonitisha. Tatu akaingia na mti wake, kitenge kipya, akicheza. Akasimama mbele ya tuta la mchanga la kupokea mishale. Akanyoosha mkono. Kweli, akafumba macho.

Ntandu akatoka. Akainamia wageni. Akatia mkono kwenye podo, na nilikuwa karibu, niliona. Akashika nyekundu. Akaiacha. Akatoa nyeusi.

Nilifikiri kakosea. Nikaita jina lake. Ngoma zikanimeza.

Akavuta. Kidevuni, hakufika sikioni. Mshale ukaenda kushoto, mbali, ukazama kwenye mchanga. Watu wakasema "Aaah." Akatia mkono tena kwenye podo, bila haraka, akachagua. Nyeusi. Kushoto. Sasa vijana wakaanza kupiga miluzi. Wa tatu. Nyeusi. Kushoto kabisa, karibu ulikose hata tuta. Mtu akapiga kelele mzee akavue samaki. Wageni wakacheka kwa adabu, viganja mdomoni.

Tatu akafumbua macho. Akakitazama kibuyu kizima juu yake kama hakijui.

Kibwana akabadilisha mdundo haraka, akaingiza wacheza ngoma wote uwanjani kufunika ile aibu. Ntandu akainama kwa wageni mara ya pili, akatoka akitembea wima.

Tumerudi kwa miguu. Nilikuwa nimejaa hasira. Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza mara nyingi, kwa sauti, pale Msimbazi watu wakitusikia. Alitembea mbele mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Ndipo akasema:

"Nyekundu zingeweza kupiga. Zingeweza pia kwenda kulia. Mkono huu sasa una akili yake, siujui utavuta vipi. Nyeusi nilijua zinakwenda wapi."

Mimi niliwaza kazi. Nilichonga, nikakwangua, nikafunga nyuzi, na moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba labda Tatu hatadhurika. Yeye alikwenda kuchekwa mbele ya mji mzima ili isiwepo hiyo labda.

Amelala bila kula. Nami sili.


Jumatatu, 8 Julai

Kazini wamesikia. Nimeshona mkono wa shati kinyume, nimeufumua.


Ijumaa, 19 Julai

Wamemtoa kwenye ngoma. Mzee Kibwana alikuja mwenyewe nyumbani, sikutegemea. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye kigoda, akapokea chai. Alizunguka sana kwa maneno. Mwisho akasema uongozi wa kiwanda umeamua, yeye hana sauti. Ntandu akamwambia, "Umefanya vyema kuja, mzee." Kibwana akatoka na machozi. Chai hakuimaliza.

Jumatatu Ntandu anaripoti ghala la pamba.


Jumanne, 23 Julai

Alikwenda jana. Amerudishwa leo kabla ya mchana. Robota lilimponyoka likamwangukia mwenzake mguuni, si vibaya sana, lakini msimamizi kasema aende akapimwe, asirudi bila karatasi ya daktari. Ntandu anasikitikia mguu wa yule mwenzake. Ndilo jambo pekee analolizungumzia.


Jumatano, 14 Agosti

Hospitali. Benchi tangu asubuhi. Daktari kijana, mpole. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia atoe ulimi, akautazama ulimi kwa muda mrefu. Sikuelewa kwa nini ulimi. Mkono ndio mgonjwa.

Kisha akaniita mimi pembeni. Alisema ni mishipa ya fahamu inayoendesha nyama. Inakufa. Utafuata mkono mwingine, kisha miguu, kisha kumeza. Dawa hakuna, hapa wala Ulaya. Akili itabaki timamu mpaka mwisho. Alisema hili la akili kana kwamba ni faraja.

Nilimuuliza muda. Akasema watu hawafanani.

Njiani Ntandu akaniuliza kasema nini. Nikamwambia yote. Sikuweza kumdanganya, baada ya Sabasaba sina haki hiyo. Alisikiliza. Akaniambia tupitie Kariakoo, kuna mtu anauza mihogo ya kuchoma mizuri.

Tumekula mihogo tumesimama. Nilimshikia kachumbari.


Jumapili, 13 Oktoba

Sijaandika siku nyingi. Kazi, foleni, kumwogesha, kulala. Mkono wa kushoto nao umeanza.

Kaka yake amekuja kutoka kijijini, anataka kumpeleka nyumbani. Anasema kijiji kipya kina zahanati na mwalimu, watu wako karibu karibu, hatakosa wa kumtazama. Maneno ya maana. Ntandu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Kaka akanitazama mimi. Nikasema atakavyo yeye.

Baadaye nilimuuliza. Ulimi wake umekuwa mzito, maneno yanatoka kama yamelowa. Kasema nyumba yake ni hapa nilipo. Nilitoka uani nikalia karibu na bomba, wanawake wakaacha kuteka maji.

Tatu anakuja kila Jumapili. Anafua, anapika, anamsimulia Ntandu umbea wa kiwanda. Hajui kwa nini mishale ile ilikwenda kushoto. Anamwonea huruma kama mzee aliyefifia. Nimetaka kumwambia. Ntandu kanikataza: "Ataogopa. Ataacha kucheza."

Basi hajui.


Jumatatu, 23 Desemba

Ameacha kutembea. Nimeomba kushonea nyumbani, fundi mkuu amekubali, ameniletea mwenyewe cherehani ya mkono kwa mkokoteni. Mungu ambariki.

Leo nilizidiwa. Nilimfokea kwa sababu ya uji uliomwagika. Alinitazama tu. Nilifuta uji, nikafuta mdomo wake, nikaomba radhi. Akafumba macho na kufumbua, polepole. Sasa hiyo ndiyo ndiyo yake.


Jumapili, 2 Februari 1975

Joto. Bomba halitoi maji tangu juzi, nimenunua kwa mwenye mkokoteni. Nimemwosha, nimemgeuza, nimebadilisha shuka. Nilikuwa na gauni la mteja la kumaliza, nikawa nakwenda na kurudi, cherehani, jiko, kitanda, cherehani.

Alikuwa anataka kitu. Anatoa sauti moja, ileile, wala sikuipata. Nikampa maji. Siyo. Nikafungua dirisha. Siyo. Nikamgeuza ubavu, nikampepea, nikainua mto, nikamuuliza kama kuna maumivu, nikamuuliza kama nimwite Tatu. Siyo. Alikuwa ameanza kutoa jasho kwa kujaribu. Nami karibu nilie.

Nikainama nikaweka sikio kwenye mdomo wake.

"Kaa."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Akafumba macho, akafumbua.

Tumekaa hivyo mpaka jua likaondoka kwenye sakafu.